Kuhesabiwa Nyumbani

Miezi ile kabla ya sensa, baba alikuwa akinipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, na swali lake lilikuwa lile lile: mtafika lini? Hakuwahi kuuliza kama tutafika.

"Mama," alisema siku moja. Nilirithi jina la mamake, na tangu utotoni hajawahi kuniita vinginevyo. "Kaka yako amekubali kuja. Watoto wa jirani wamekubali. Umebaki wewe na hao wajukuu wangu."

Nikamwambia nimepata kibarua katika sensa yenyewe. Kiwanda cha sabuni nilikokuwa nikipakia katoni kilikuwa kimetupunguza, na chifu wa huku alitangaza kuwa makarani wa sensa watachukuliwa kutoka kwa wakazi. Niliomba, nikapita mahojiano, nikapelekwa kwenye mafunzo. Nilitakiwa kuhesabu watu wa Tassia, mtaa wetu huku Nairobi, ploti kwa ploti, yaani kila jengo la kupanga, kuanzia karibu na mlango wangu mwenyewe.

Nyuma ya baba nilisikia kuku, na sauti ya redio ambayo huwa haizimi hata akiwa nje.

"Sasa utahesabu watu wa huko?"

"Ndiyo, baba."

"Na huku atahesabiwa nani, ikiwa watu wetu wote wako huko?"

Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya gorofa ya nne, na chini yangu foleni ya mitungi ilikuwa imepinda kona ya ploti na kupotelea upande wa pili. Maji yalikuwa yanatarajiwa. Siku hizo yalikuja yalipotaka, na yakija kila mtu alikimbia.

Ili kumwelewa baba ni lazima ujue kwetu. Ni kilima kimoja huko magharibi, chenye vishamba vidogo vilivyokatwakatwa kila baba alipogawia wanawe, mpaka kipande cha mwisho hakikumtosha mtu kupanda hata sukuma wiki ya mwaka. Kwa hiyo vijana waliondoka. Walioondoka wakaita wenzao, kisha wakaita wake zao, na watoto wakazaliwa mjini. Shule ya msingi niliyosomea ilifika mahali pa kufundisha darasa la tatu na la nne katika chumba kimoja, mwalimu mmoja akigeuka huku na huku. Halafu muuguzi wa zahanati akahamishwa mjini kwa sababu, tuliambiwa, wagonjwa ni wachache. Wazee walicheka kwa uchungu. Wagonjwa hawakuwa wachache, watu ndio walikuwa wachache. Katika hao wachache, karibu wote walikuwa wagonjwa.

Mama yetu alikuwa ameshafariki. Baba alibaki boma zima peke yake, na nyumba ya kaka yangu iliyofungwa, na chumba changu ambacho alikifagia kila Jumamosi kama kwamba nilikuwa nimetoka tu kwenda kuchota maji.

Ndipo mheshimiwa mmoja wa kwetu alipopita vijijini akieleza kuwa fedha za serikali hugawanywa kwa kufuata vichwa. Watu wengi, mgao mkubwa. Watu wachache, msahau zahanati, msahau barabara. Akaahidi mabasi ya bure ya kuwarudisha walio Nairobi wahesabiwe kwao. Baba aliliamini neno hilo kama Injili, na kusema kweli sehemu moja ya hilo neno ilikuwa kweli.

Tatizo ni kwamba ilikuwa kweli huku pia. Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili katika shule ya umma karibu nasi, na mpaka muhula wa pili mwalimu wake alikuwa bado hajalijua jina lake. Si kwamba alikuwa mwalimu mbaya. Watoto walikaa hadi sakafuni mbele ya ubao, na walioketi nyuma walisimama ili waone.

Kaka yangu alikuja jioni moja akitoka kazini. Ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda pembeni mwa Jogoo Road, Makadara, na hunuka chuma hata akioga. Alikula ugali wangu akanawa mikono, kisha akasema, "Dada, achana na hiyo kazi. Twende nyumbani. Utapata nyingine."

"Nyingine iko wapi? Wewe unayo?"

"Mzee anatungoja."

"Nani atawahesabu watu wa hapa?"

"Wa hapa?" Alicheka. "Nani ni wa hapa? Uliza hii ploti yote, nionyeshe mmoja anayesema hapa ni kwao."

Binti yangu mdogo, aliyezaliwa katika kliniki ya barabara ya pili, aliinua mkono kama yuko shuleni. "Mimi ni wa hapa." Kaka yangu akambeba, akamtekenya, akasema, "Wewe bado hujajua." Mtoto alicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama nikaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Ijumaa kabla ya sensa nilikwenda soko la Muthurwa kumpa kaka yangu mzigo wa baba: sukari, blanketi, na dawa zake za presha. Mabasi yalikuwa yamejipanga nje ya soko, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akiita watu kwa majina ya mito na milima ya kwetu. Sijawahi kuona watu wakisafiri hivyo wakati usio wa Krismasi. Kina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa mjengo wenye saruji viatuni, msichana wa saluni ambaye nywele zake alikuwa amesuka upande mmoja tu akasema atamalizia huko. Walikuwa wamechangamka. Mtu alianzisha wimbo wa harusi wa kwetu, na nilijikuta naimba, naye kaka yangu akaning'ang'ania mkono kutoka mlangoni mwa basi.

"Panda, dada! Watoto watafuata na basi la kesho!"

Ninakiri mguu wangu ulitangulia. Nilikuwa tayari nimeshika chuma cha mlango. Kisha nikakumbuka kuwa niliapa mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia, pamoja na makarani wengine, na kwamba watoto wangu walikuwa kwa jirani wakinisubiri chakula cha mchana. Nikaachilia. Basi liliondoka likipiga honi, nami nikatembea hadi nyumbani Tassia kwa miguu, mwendo mrefu na wa kijinga, kwa sababu sikuweza kusimama mahali pamoja kungoja gari.

Kuhesabu kulianza. Tulipewa vishikwambi na majaketi ya kung'aa, na kila mmoja akapewa ploti zake. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: ni nani waliolala katika nyumba hii usiku wa sensa? Hilo tu. Hatukuuliza kabila la moyo wa mtu wala mahali atakapozikwa. Tuliuliza alilala wapi.

Nilianzia nyumbani kwangu, nikajiandika mimi na wanangu wawili. Kisha nikapanda na kushuka ngazi siku za mwanzo, na kwenye kila gorofa nilikutana na kufuli. Ploti ambazo kwa kawaida huwezi kupita kwenye korido bila kukanyaga ndoo ya mtu zilikuwa kimya mpaka nikasikia viatu vyangu. Keateka, yaani mtunzaji, wa ploti moja, kijana mwembamba aliyekuwa akiniongoza na shada la funguo, alinionea huruma.

"Niaje, madam, utachoka bure," alisema. "Hii floor yote imeenda ushago kwao. Hii nayo nusu. Hapo juu kuna budaa mzee mmoja tu, na yeye ni mgonjwa."

"Watarudi lini?"

"Jumatatu wote wako job. Si wewe unajua?"

Nilijua. Jumatatu walirudi kweli, maji yakapiganiwa tena, na watoto wakajaa ngazini. Niligonga tena milango ile. Mama mmoja wa gorofa ya tatu alinisemesha kupitia grili bila kufungua. Nyuma yake niliona watoto wanne wakinywa chai.

"Andika hatupo," alisema.

"Mama, si nawaona?"

"Sasa hivi tupo. Usiku huo hatukuwepo. Tulihesabiwa nyumbani."

"Mlisafiri nyote?"

"Shemeji alituweka kwa hesabu ya huko. Ni sawa na kusafiri. Dada, usinisumbue, wewe pia una kwenu."

Sheria ilinitaka nimweleze, nikamweleza. Nilimwambia shule ya hapa ni ya watoto wake, choo kinachofurika ni chake, na idadi ndiyo itakayoleta mtu kurekebisha. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Hapa hata tukihesabiwa mara mia, nani atatujengea? Hapa ni pa kupita tu," akafunga mlango wa ndani. Nilibaki kwenye korido na kishikwambi mkononi, na ghadhabu ikanipanda, si kwake hasa. Miaka yote niliyoishi Tassia nilikuwa nikisema maneno hayo hayo.

Siku tulipofunga hesabu nilimpigia baba. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama azikwe. Boma lilikuwa limejaa, alisema. Kaka yangu alilala nyumbani kwake, wapwa walilala sebuleni, waliimba, walichinja jogoo. Karani aliyekuja alikuwa binti wa mwalimu wake wa zamani wa kwaya, mpole sana.

"Na nyinyi nimewaweka," akasema.

"Umetuweka wapi?"

"Kwa hesabu. Wewe na wale wawili. Nilimwambia mmelala chumbani kwenu."

"Baba, mimi nimejihesabu huku. Nimehesabiwa mara mbili! Mimi ni karani, baba, niliapa."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa."

"Mpigie yule binti. Mwambie ulikosea, atutoe."

Halafu sauti yake ikaja ndogo, bila ile furaha. "Nitamwambia nini, mama? Kwamba sina watoto?"

Nilimwendea msimamizi wetu, mwalimu mstaafu aliyechoka, nikamuuliza kama kwa mfano tu: mtu akijua amehesabiwa kwingine pia, hufanyaje? Aliacha kufungasha vifaa vyake akanitazama juu ya miwani. "Atoe taarifa," alisema. Nikamwambia, basi natoa: ni mimi. Akaandika jina langu na la wilaya ya kwetu kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Sijui kama ilifika popote. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Matokeo yalipotangazwa, idadi ya watu wa wadi ya kwetu ilikuwa imeshuka chini ya ilivyokuwa katika sensa iliyotangulia, pamoja na mabasi yote na vyumba vyote vilivyofagiwa. Baba aliyasikia redioni. Hakunipigia Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Zahanati ilibaki imefungwa kwa mnyororo. Na huku Tassia hakukutokea lolote pia, ila ploti mpya zikaendelea kupanda, moja mbele ya nyingine, mpaka jua la asubuhi likaacha kuingia jikoni kwangu.

Miaka michache baadaye macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Kule angesafiri nusu siku kumwona daktari wa macho, na tarehe aliyopewa ilikuwa mbali. Kaka yangu akamleta Nairobi. Nyumba ya kaka ni chumba kimoja chenye mitungi ya gesi ya kazi, kwa hiyo baba akakaa kwangu, kwenye kitanda cha wanangu, nao wakalala nami.

Nilitegemea atazubaa. Kwa siku za mwanzo alikaa barazani amevaa koti, akigeuza kichwa kila mlango ulipofunguliwa. "Watu wote hawa wanatoka wapi?" aliuliza. Siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikamkuta hayupo. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikauliza dukani. Nikampata gorofa ya pili, ameketi kwenye kochi la watu, akila mrenda kwa ugali wa wimbi. Mwenye nyumba alikuwa mtoto wa rafiki yake wa kutahiriwa pamoja. Walikuwa jirani zangu miaka mitatu, na mimi nilikuwa nikiwapa "sasa" tu tukipishana ngazini.

Baada ya hapo hakutulia. Alimgundua muuza omena aliyekuwa mpwa wa katekista wetu. Aligundua wanawake wawili wa kwaya yetu ya zamani, mmoja akifua nguo za watu juu ya paa. Jumapili jioni walianza kukusanyika kwangu kusali kwa lugha ya nyumbani, viatu vikijaa korido, nami nikikimbia huku na huku kuazima vikombe. Usiku akilala alinena gizani, kama mtu anayekadiria shamba: "Mama, kwenye ngazi hii nimeona watu wa kwetu wengi kuliko njia nzima kutoka kwangu hadi kanisani."

"Basi kaa hapa, baba."

"La," alisema papo hapo. "Nani atafungua nyumba?"

Alipokuwa akingoja kufanyiwa upasuaji wa jicho la pili, shule iliita wazazi. Nilikuwa nimerudishwa kiwandani na sikupewa ruhusa. Baba akasema ataenda yeye. Alinyoa ndevu, akavaa koti, mwanangu akamshika mkono kumvusha barabara. Nilishinda siku nzima nikipakia katoni vibaya, nikifikiria atapotea au atasinzia.

Jioni nilimkuta mezani, ametulia.

"Alikuja bwana mmoja wa kaunti," alinieleza. "Wazazi wakamuuliza kuhusu madarasa. Akasema wao hujenga kwa kufuata idadi, na kwa karatasi zake, hapa hakuna watu wengi hivyo. Akasema labda watoto hawa wanatoka mtaa mwingine."

"Wazazi wakasemaje?"

"Walitazama chini. Wote, mama. Kama watoto waliovunja chungu." Alisogeza kikombe chake. "Nikainua mkono."

"Baba! Ukasema nini?"

"Nikamwambia watatu niliwachukua mimi."

Nilikaa. Mwanangu alidakia, akirukaruka. "Babu alisimama, mama! Akasema, 'Huyu kijana hapa, niliwaambia amelala kwangu, na hakulala kwangu. Alilala hapa. Mwandikie dawati lake.' Watu wakacheka! Halafu mama fulani akasimama, akasema hata yeye wanawe wanne waliandikwa ushago. Halafu mwingine. Halafu wakawa wengi."

"Na yule bwana?"

"Alifunga faili," baba alisema. "Akasema sensa ikishafungwa imefungwa. Lakini mwalimu mkuu aliandika. Nilimwona akiandika."

Sikujua nicheke au nilie. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakumwambia yule binti wa kwaya maneno hayo hayo wakati bado yangefaa kitu. Nilipomtazama, na lile jicho lake lililofunikwa pamba, swali likaniishia mdomoni. Alikuwa akitafuta sukari kwa kupapasa meza. Nikamsogezea.

Wazazi wale hawakutawanyika kabisa. Walichagua kamati, wakapita ploti zao wenyewe wakiandika watoto, wakapeleka karatasi kwa kaunti, wakarudishwa, wakaenda tena. Mwaka uliofuata yalijengwa madarasa mawili ya mabati nyuma ya choo. Ni ya joto kama tanuri, na watoto hawaketi tena sakafuni. Kwetu, baada ya wazee kuandamana hadi makao ya kaunti, zahanati ilipata muuguzi anayekuja kwa bodaboda siku ya soko na kuondoka kabla ya mvua.

Baba alikuwa amesharudi. Siku ya kuondoka, nusu ya ngazi ilishuka naye hadi chini, kila mtu na kifurushi chake cha kupeleka nyumbani, mpaka kaka yangu akalalamika hana pa kushika. Baba aliwaaga mmoja mmoja. Aliponifikia alisema tu, "Watoto waache wasome hapa. Lakini Desemba uje ulale kule, kweli kweli." Nikamwambia nitakuja. Nimeenda mara mbili tangu hapo. Kila nikifika, siku ya tatu naanza kutembea ukingoni mwa shamba nikitafuta mtandao. Nikirudi Tassia, wiki haiishi sijaota mlio wa mvua juu ya bati la baba.

Asubuhi ile alipoondoka nilifua blanketi zake nikapanda nazo juu ya paa. Sikuweza kukaa ndani. Nikampigia kaka yangu, aliyekuwa bado njiani naye.

"Ni kweli unajenga nyumba nyingine huko?" nilimuuliza. Nilikuwa nimesikia kwa mke wake.

"Nimeshachimba msingi."

"Atakaa nani?"

Nilisikia baba akiuliza ni nani kwenye simu, naye akimjibu ni mimi.

"Sijui, dada," kaka yangu alisema. "Wewe ungetaka vyumba vingapi?"

Upepo ulikuwa unalivuta blanketi, nikalishika kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia asinihesabu. Nikamwambia vitatu, kisha nikamwambia angoje, nifikirie kwanza, nitampigia nikitoka kazini.